Krismasi ya Chumba cha Kufulia

Mdogo wangu,

Mimi ni mzima. Goti limepoa, na hapa kazini hospitalini nimepandishwa cheo: sasa mimi ndiye msimamizi wa chumba cha kufulia, wananiita Bosi.

Jana tulifanya Krismasi yetu mapema, katikati ya mashuka. Tulikubaliana kila mtu aeleze ya kwao. Dereva alisema watoto wa kwao huweka viatu dirishani, wakiamka wanavikuta vina zawadi. Mpiga pasi akasema kwao hutandaza nyasi kavu chini ya kitambaa cha meza, kumkumbuka aliyezaliwa horini. Mshonaji wetu, bibi mmoja mpole, akasema kwao hawali kabla ya kumegeana mkate mwembamba na kuombana radhi.

"Na kwenu, Bosi?"

"Kwetu tunanuniana," nikasema, "mwaka wa tatu sasa."

Wakacheka. Mimi machozi yakanitoka.

Bibi akauliza, "Mkubwa nani?"

"Mimi."

"Basi unangoja nini?"

Mdogo wangu, siku ya mazishi nilisema mbele za watu kwamba ulimtelekeza baba. Kumbe wewe ndiye uliyemwogesha na kumlisha miezi minane, mimi nikiwa huku natuma salamu. Nilikukosea. Nisamehe.

Nimeomba likizo na nimepewa. Nafika Jumamosi kwa basi la asubuhi. Ukitaka kununa, nuna. Nitaingia jikoni nipike, na utakula. Unanijua.

Ni mimi,
dada yako mkaidi