Buibui wa Yesaya Amelala Chali

Jumatatu, 3 Februari 2025

Yesaya kaondoka na lori alfajiri, kapakia saruji, anaelekea Kitwe. Mimi kaniachia buibui. Si utani — buibui! Mkubwa kama kiganja changu, ana manyoya, yumo kwenye kontena la plastiki lenye vitundu. Asili yake Amerika ya Kusini, ati. Yesaya alipewa huko Ndola na Mhindi mmoja aliyekuwa anahama. Waume wa wenzangu wakitoka Zambia wanaleta vitenge.

Maagizo: apewe mende au panzi, tena mzima. Maji kwenye kizibo cha soda. Asipigwe baridi. Asishikwe. Nikamuuliza, na mimi umeniachia maagizo ya kulishwa? Hakucheka. Hacheki tangu ajali ya mwaka jana pale Nanyala, alipokufa tandiboi wake, msaidizi wake wa lori, Raphaeli. Mimi mkewe hajanieleza neno. Lakini buibui anaelezwa! Anakaa mbele ya kontena, anamwamkia kwa Kibemba — mulishani — halafu wananong'onezana. Nikiingia, kimya.

Namwonea wivu buibui. Nimeshaandika, basi.

Jumanne, 4 Februari

Jirani yangu Mwasiti kaja kufuata gauni lake. Kaliona kontena kando ya cherehani, kapiga yowe mpaka wa dukani wakatoka. Mama Tumpe, hicho kitu cha mganga, mwambie mumeo akirudishe kilikotoka! Nikamwambia kilitoka kwa Mhindi. Ikawa afadhali ningenyamaza.

Jumatano, 5 Februari

Mende hakuliwa. Kampanda buibui mgongoni, katembea, kashuka upande wa pili. Mdudu gani huyu?

Yesaya kapiga kwa namba ya Zambia. Swali la kwanza: amekula? Nikasema nani, mimi? Akasema: buibui. Nikamwambia hajala. Sauti ikamkauka kabisa, akasema sawa, sawa, akakata.

Nimeogopa. Naijua ile sauti. Baada ya ajali alilala akiutazama ukuta, hali, haogi, lori limepaki. Huyu mdudu, aliyekuwa naye tangu kabla ya ajali, ndiye aliyemtoa kitandani. Asubuhi ilibidi aamke amtafutie mende. Akifa je? Mume wangu atarudi kulekule ukutani. Kwa hiyo LAZIMA ale. Sasa buibui anabembelezwaje? Mwenzenu sijui.

Alhamisi, 6 Februari

Nimempigia mama yangu kule Mbozi, nimeomba panzi. Kacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena kasema huku sisi wadudu tunawapiga kandambili, nyie mnawaagizia chakula! Ila atatuma. Mwanangu Tumpe anaishi huko kwake, atawakamata akitoka shule.

Ijumaa, 7 Februari

Kopo limefika na basi. Panzi wa kijani, wanene, wamekaa kimya tu, hawahangaiki. Nikasema safari imewachosha.

Buibui kamrukia mmoja — sikuona hata alivyomfikia! Nikapiga makofi. Mtu mzima, peke yangu chumbani, nampigia mdudu makofi. Wa pili kamng'ata, kamwacha.

Nikamtumia Yesaya ujumbe: amekula. Kajibu: asante mke wangu.

Mke wangu! Nimeusoma mpaka simu ikazima chaji.

Jumapili, 9 Februari

Nimetoka kanisani namkuta amelala chali. Chali! Miguu juu.

Nimegonga kontena. Hakuna kitu. Nimewaza nimgeuze kwa kijiko, nikakumbuka asishikwe. Kijiko ni kushika au si kushika?

Nimempigia mama. Mama, panzi mliwatoa wapi? Kasema shambani kwenye kahawa, wamejaa siku hizi, hata hawaruki, Tumpe anaokota tu kama maharage. Hawaruki! Nikamuuliza: dawa ya wadudu mmepiga lini? Wiki hiihii, kapiga mjomba wako Wiliam. Nikamwambia mama, mtoto anawe mikono sasa hivi, na asiguse tena wadudu wa huko! Kasema ameshanawa, mbona unanigombeza kwa ajili ya buibui?

Nimemuua kwa mkono wangu. Au sijamuua? Yesaya kapiga. Sikupokea.

Jumatatu, 10 Februari

Nimekwenda kwa Ashraf fundi simu, anajua kuperuzi mtandaoni. Kasoma, kacheka: dada, hawa hulala chali wakivua gamba! Usimguse tu. Nikataka kumkumbatia. Kasoma mpaka chini ya ukurasa, akaacha kucheka. Kasema wakila sumu nao hupinduka. Nikamuuliza sasa nitajuaje? Anasema angalia miguu, ikijikunja kwa ndani ndiyo basi tena.

Nimerudi mbio. Mingine imejikunja, mingine imenyooka. Jamani! Hata kufa nako anafanya nusunusu.

Mwasiti kasimama mlangoni, hakuingia. Anasema basi mwombee. Nimwombee buibui? Nimemwombea. Sijui kama dhambi.

Jumanne, 11 Februari

Yesaya amefika. Nilidhani foleni ya malori mpakani Nakonde itamweka mpaka kesho, nipate siku ya kutunga maneno. Kaingia na viatu vyake, kaenda moja kwa moja mezani.

Nikaanza — Baba Tumpe, ni panzi, ni dawa ya kahawa, ni mimi — nikalia. Kanyanyua kiganja. Kapiga magoti mbele ya kontena. Nikasema moyoni haya, ndiyo anarudi ukutani.

Akaanza kuongea. Macho kwa buibui, lakini kaniita mimi, Ketrina. Kasema Raphaeli naye alilala hivyo pale Nanyala, chali, barabarani. Watu wakasema tayari, wakamfunika khanga. Yeye aliona vidole vinacheza. Akawaambia. Wakasema dereva kachanganyikiwa, mshikeni. Mpaka leo hajui kama aliviona kweli.

Nikakaa naye sakafuni.

Kaniuliza: mguu ule wa nyuma unacheza, au ni mimi? Nikaangalia. Sikuona kitu. Nikamwambia unacheza.

Kaenda bombani kunawa uso, naandika upesi. Namtazama mdudu mpaka macho yanawasha. Mguu uko vilevile. Au umesogea kidogo? Yesaya ananiita kutoka nje, anauliza bado unacheza.

Nimejibu ndiyo.