Chaki kwenye Besi ya Tatu

Bordesley Green, Birmingham
3 Machi 2024

Dada Vimla,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yako yakiwa na huruma kuliko yangu. Mimi na mume wangu Dalmar hatujambo. Anwani yako mpya nimepewa na mpwa wako Ajit. Nilikwenda dukani kwake Harborne kununua bizari, nikatoka na namba ya sanduku lako la posta. Akanionya kwamba hutaki ujumbe wa simu kwa sababu wajukuu wanausoma kabla yako. Basi naandika, tena kwa Kiswahili chetu, maana Kisomali hukukijua, na Kigujarati changu kiliishia kwenye matusi uliyonifundisha mtaani kwetu tukiwa wasichana.

Miaka yote hii tumetumiana kadi, wewe ya Idi na mimi ya Diwali, mistari mitatu na sahihi. Leo nina jambo lisiloenea kwenye kadi.

Nakuru, Julai 1988, fainali ya softiboli ya shule za wasichana. Ulikuwa nahodha wa shule yenu, umesimama besi ya tatu. Mimi nilikimbia kutoka besi ya kwanza mpaka ya nne, ile ya nyumbani, na kwa bao lile tukawashinda. Vimla, besi ya tatu sikuikanyaga. Niliipita. Nilijua nikiwa hatua mbili mbele yake, nikaendelea.

Sheria unaijua. Besi usiyoikanyaga inakutoa, lakini mwamuzi hata akiona, hunyamaza. Ni timu pinzani inayopaswa kudai, kabla mpira unaofuata haujarushwa. Ukisharushwa, bao limehesabiwa milele. Hakuna aliyedai.

Washindi walipewa nafasi moja ya chuo cha ualimu wa michezo, nikaipata mimi. Kama mngeshinda ninyi ingekuwa yako. Cheti cha chuo kile ndicho kilichonipa kazi hapa mwaka 1993, kocha wa softiboli wa wasichana katika koleji moja, na sijafanya kazi nyingine tangu hapo. Nastaafu mwisho wa Julai. Mkuu wa koleji anataka uwanja uitwe kwa jina langu. Anasubiri nikubali au nikatae.

Siwezi kumjibu kabla wewe hujanijibu. Ulikuwa umesimama pale. Uliona?

Mdogo wako,
Mulki


Nakuru
24 Machi 2024

Mdogo wangu Mulki,

Nimeipokea barua yako nikiwa na afya, ukiondoa magoti uliyoyaulizia na macho usiyoyaulizia. Mume wangu alifariki mwaka juzi, hilo unalijua. Nyumba imejaa wajukuu wanaonielewa na kunijibu kwa Kiingereza. Bila shaka hata huko ni hivyo hivyo.

Nilikuwa karani wa mahakama miaka ishirini na saba. Nimeandika maneno ya waongo wengi na ya wakweli wachache, na nimeona kwamba mtu akibeba swali moja miaka thelathini na sita, huwa ameshajijibu, tena vibaya.

Sitakujibu sasa. Utasema Vimla ni yule yule, kichwa kigumu. Sawa. Lakini umeniambia ulichokichukua, hujaniambia ulikifanyia nini. Niambie kwanza. Siyo sifa, na hicho kibao chao cha jina la uwanja kiweke kando. Nieleze msichana akija kwako siku ya kwanza, asiyejua hata gongo la kupigia mpira linashikwa upande gani, unamfanya nini. Hatua kwa hatua, kama mtu aliyeapishwa.

Kuhusu matusi ya Kigujarati, nilikufundisha manne. Natumaini hujayapoteza.

Dada yako mkubwa,
Vimla


Bordesley Green
14 Aprili 2024

Dada Vimla,

Pole sana kwa macho. Huku tumemaliza mfungo salama, na Dalmar amenenepa badala ya kukonda. Matusi yote manne ninayo. Moja nilimpa mwamuzi wetu Pritesh mwaka 2006, bila kujua wazazi wake ni watu wa Kampala wanaozungumza Kigujarati. Alinitoa uwanjani.

Umetaka hatua kwa hatua. Siku ya kwanza msichana hagusi gongo wala mpira. Anavua viatu vya mvua, anavaa raba, nampaka unga wa chaki kwenye nyayo. Tunakuwa ndani ya ukumbi, maana Februari uwanja ni tope. Naweka besi nne, vipande vya zulia jeusi. Namwambia azunguke akitembea. Kisha tunarudi pamoja, tunainama, tunatazama. Alama yake ipo juu ya kila besi? Kama haipo, anapaka chaki upya. Akiweza kutembea, anakimbia. Wiki tatu ni chaki tu. Brigid, msimamizi wa usafi, amenitishia kifo kila Februari kwa miaka kumi na tisa.

Wengine huondoka wiki ya kwanza. Waliobaki tangu 1993 ni mia sita na kumi na wawili. Majina yao ninayo kwenye madaftari. Wapo waliocheza na hijabu chini ya kofia ngumu, wapo waliokuja wakiwa hawawezi kusema jina lao kwa sauti. Mmoja, Raho, sasa ni daktari wa mifupa. Aliniambia akishona hutazama kila mshono mara mbili, kwa sababu ya chaki. Mwaka huu nina binti yake.

Tumefika fainali ya mkoa mara tisa, hatujashinda hata moja. Hiyo ni kweli, andika. Mara nne tumetolewa na Gaston, kocha mmoja Mkongo wa koleji ya upande wa pili wa mji. Kila mwaka hunisalimia, "Mama Kocha, kombe lako ninakutunzia vizuri."

Mwaka huu nina Kirandeep, ana miaka kumi na saba. Sijawahi kuona miguu kama ile.

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Nijibu.

Mdogo wako,
Mulki


Nakuru
5 Mei 2024

Mdogo wangu Mulki,

Hujambo? Mvua za hapa zimezidi, lakini sisi wazima. Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji, na sasa naona vumbi ambalo mkamwana wangu alikuwa akinificha.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya tano nilipaka unga wa ngano chini ya kandambili, nikapanga mito minne ya makochi sebuleni, nikazunguka. Mto wa tatu niliukosa. Mkamwana akaingia, akanitazama, akampigia simu mwanangu.

Mulki, mia sita na kumi na wawili! Nimeketi na namba hiyo tangu jana. Mahakama yetu nzima haikuwa na viti vya watu wote hao.

Jibu lako lipo, limekaa tayari miaka mingi. Lakini fainali yenu ni lini? Sitaki uingie uwanjani ukiwa na maneno yangu mfukoni. Cheza kwanza, kisha uniambie ilivyokwenda, yote, hata yale yasiyokupendeza.

Dada yako mkubwa,
Vimla


Bordesley Green
23 Juni 2024

Dada Vimla,

Natumaini u mzima na jicho la pili linafuata. Mimi mwili mzima. Mengine nakueleza.

Fainali ilikuwa jana, Jumamosi, saa nane mchana, jua kali. Tulicheza na Gaston. Raundi ya saba, ya mwisho, tulikuwa nne kwa nne, sisi tunapiga, wawili wetu wameshatolewa, wa tatu akitoka zamu yetu imekwisha. Kirandeep alikuwa besi ya kwanza. Binti wa Raho akapiga mpira ukapita vichwa vya wote mpaka kwenye uzio.

Kocha wa timu inayopiga husimama karibu na besi ya tatu, unakumbuka. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nazungusha mkono, njoo, njoo. Kirandeep akapita mbele yangu. Mguu wake ulitua pembeni ya besi, kiasi cha kiganja kizima nje. Akafika nyumbani. Tano kwa nne. Wasichana wakamwangukia, wanalia.

Nilimtazama Pritesh. Aliona. Alikuwa anatazama nyasi kama mtu aliyedondosha sindano. Msichana wa Gaston wa besi ya tatu alikuwa amegeukia uzio, hakuona. Mrushaji alishachukua mpira.

Niliomba mchezo usimame, nikavuka uwanja. Nikamwambia, "Gaston, dai besi ya tatu."

"Mama Kocha, unasema nini?"

"Hakuikanyaga. Dai."

"Miye sikuona. Mutoto wangu hakuona. Mama, miaka makumi tatu na moja. Chukua ile kombe, uende kulala."

"Gaston, ukinipenda, dai."

Akavua kofia. Akamwita msichana wake wa besi ya tatu, akamnong'oneza. Binti akadai. Pritesh akainua ngumi: ametoka. Bao likafutwa. Zamu yao wakapata moja, wakashinda tano kwa nne.

Hakuna aliyenizomea. Wazazi wa pande zote mbili walisimama, Vimla, wote, bila kelele, kama watu waliosikia wimbo wa taifa wasioujua. Gaston alileta kombe mbele yangu. Nikakataa kuligusa.

Lakini Kirandeep hakusimama. Alikaa chini na helmeti kichwani. Nilipomwendea akasema, "Miss, ule haukuwa mguu wako." Akapanda basi, akakaa mbele na dereva njia nzima.

Sijui anajua nini. Sijawahi kumwambia kuhusu Nakuru. Lakini tangu jana najiuliza kama nililipa deni langu kwa miguu ya mtoto wa watu.

Fainali imekwisha. Sema.

Mdogo wako,
Mulki


Nakuru
7 Julai 2024

Mdogo wangu Mulki,

Natumaini unalala. Mimi nalala vizuri, macho yote mawili sasa yanaona.

Niliona. Mguu wako wa kushoto, kiasi cha kiganja, upande wa ndani. Mpira ukarudishwa kwangu. Nilikuwa nao mkononi. Ingetosha niseme maneno mawili tu.

Usidhani nilikuhurumia. Nilitaka ile nafasi ya chuo kuliko wewe. Nilikuwa nimeshamwambia mama yangu itakuwa yangu. Usidhani pia niliogopa. Mulki, ulipotoka besi ya pili nilisahau nilikuwa upande gani. Sikuwahi kuona mwanadamu akikimbia hivyo, na sijaona tena. Sketi ya shule, kitambaa kimefunguka, miguu haina sauti. Niliona umeikosa besi kama mtu anavyoona kifungo kimekatika kwenye shati la bwana harusi. Nilisimama na mpira, mdomo wazi. Nilipojikumbuka, nilikuwa nimeshamrudishia mrushaji, naye amesharusha.

Timu yangu ilishindwa kwa sababu nahodha wake alikuwa anashangaa. Sikumwambia mtu. Niliona aibu, ndiyo maana nilikuandikia mistari mitatu kwa mwaka na siyo minne. Wewe ulidhani nina kinyongo cha kushindwa. Nilijuta miaka minne, mpaka nilipozoea mahakama. Kisha nikaacha. Huo ndio ushahidi wangu, na sijaupunguza.

Kwa hiyo hukuiba. Ulikosea, nami nikakosea, na mchezo ukaendelea.

Kuhusu Kirandeep. Ulichofanya Jumamosi ile kimenifanya niketi chini, na si kwa sababu ya magoti. Mimi nisingeweza. Lakini amesema kweli, na inabidi nikuulize jambo moja, kama nilivyozoea kusikia wakili akimuuliza shahidi. Ulisimama hatua tatu kutoka kwake. Umeniambia mguu ulitua wapi. Umeniambia Pritesh alitazama wapi. Hukuniambia alikimbiaje.

Ulimwona?

Dada yako mkubwa,
Vimla


Bordesley Green
20 Julai 2024

Dada Vimla,

Salamu, na shukrani nisizoweza kuzipanga. Barua yako ilifika jana asubuhi. Niliisomea kituoni nikingoja basi, nikayaacha mawili yapite.

Nilikwenda nyumbani kwa Kirandeep. Mama yake alinipa chai, yeye akabaki juu. Nikamwambia nikiwa chini ya ngazi, kwa sauti, yote ya Nakuru, na kwamba yeye alilipia sehemu ya deni langu bila kuulizwa. Kisha akasema, "Kwa hiyo hata wewe, Miss?" Nikasema hata mimi. Akashuka.

Leo tulikwenda uwanjani, sisi wawili tu, na Brigid aliyetufungulia lango. Nilimkuta Kirandeep amekaa kwenye nyasi, anapaka chaki kwenye nyayo bila kuambiwa. Nikamwambia leo haina haja. Akasema, "Najua," akaendelea kupaka.

Mkuu wa koleji nimemwambia ndiyo. Nimeomba kibao kiwekwe pale karibu na besi ya tatu, anaposimama mtu wa kuona.

Nikasimama mahali pangu, nikazungusha mkono. Kirandeep akakimbia kutoka besi ya kwanza. Brigid aliangusha funguo. Msichana aliponipita nilihisi upepo wake usoni, na alipofika nyumbani akageuka, anahema, akapiga kelele: "Miss! Nimeikanyaga?"

Vimla, sijui. Sikutazama chini.

Mdogo wako,
Mulki