Kadi Tatu Zilizopita Mlangoni

Kariandusi, S.L.P. Gilgil
6 Aprili 1974

Kwa binti yangu mpendwa Mugure,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini ya kwamba waraka huu utakukuta ukiwa mzima huko Nakuru. Sisi tu wazima, isipokuwa goti la mama yako, ambalo limeanza kumsumbua pamoja na mvua.

Habari za kompyuta ya kampuni yenu ya nafaka nimezisoma mara sita. Umeeleza ya kwamba inatafuna kadi mnazozitoboa, na ya kwamba fundi wa Nairobi amekuja mara mbili akarudi bila jibu. Kama ujuavyo, nitokapo machimboni hutengeneza redio za majirani kwa mapenzi tu, na redio zimenifundisha ya kwamba chombo hakigomi pasipo sababu. Kwa hiyo naomba kujulishwa: inatafuna saa ngapi? Kadi hulala wapi? Aidha, nitumie kadi tatu nizichunguze kwa mikono yangu. Jambo hili limeninyima utulivu kabisa.

Wako katika malezi,
Baba


Nakuru
17 Aprili 1974

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Mama anaendeleaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio haukai.

Kadi ni hizi. Nilizitoa ndani ya soksi, maana sasa mikoba inapekuliwa mlangoni. Bwana Umesh, msimamizi wetu, anaamini kuna mtu anayeichezea mashine. Amebadilisha kufuli, na ufunguo tunautilia sahihi. "Mashine hapana kula kadi yenyewe," anasema. "Iko mtu nalisha yeye." Chepngeno, jirani yangu wa meza, akanong'ona, "Labda ina minyoo, boss." Tukacheka. Bwana Umesh akaniangalia mimi.

Ni kwa sababu mimi ndiye ninayefungua asubuhi, na inatafuna asubuhi tu. Mchana inatulia. Kadi zinalala stoo ya nyuma, sakafuni. Ametuambia kama haijapona kufikia mwisho wa Mei, mmoja wetu ataenda nyumbani, na macho yake yanasema ni nani.

Baba, kila kadi ina jina la mkulima. Hata moja hairuhusiwi kutoka. Ukishaziangalia, zichome. Nakuomba sana.

Bintiyo,
Mugure


Kariandusi
25 Aprili 1974

Mpendwa Mugure,

Baada ya salamu, napenda kukuarifu ya kwamba ugonjwa umejulikana.

Kadi ya kwanza niliiweka kutwa nzima kando ya mtungi wa maji. Ya pili niliiweka juu ya redio yenye moto. Ya tatu niliiacha mezani. Jioni nikazipima kwa rula juu ya kioo. Ile ya mtungini ilikuwa imevimba na kujikunja kama ulimi wa ng'ombe! Mama yako aliniuliza kama nimeanza kupika karatasi.

Basi, hakuna mtu anayeichezea mashine yenu. Sakafu ya stoo inanyonya maji ya mvua, kadi zinayanywa usiku, asubuhi zinakwama. Mchana zimekauka. Hamisha kadi za kesho ziingie chumba cha mashine leo, nazo ziwekwe juu ya mbao. Nawe umweleze Bwana Umesh kwa adabu.

Baba yako


Nakuru
8 Mei 1974

Baba mpendwa,

Salamu nyingi, na asante kuliko ninavyoweza kuandika. Asubuhi saba, na haijatafuna hata moja! Chepngeno anasema minyoo imetoka.

Lakini nilipomweleza Bwana Umesh, hakufurahi. "Mama, wewe najua mashine kuliko fundi ya Nairobi? Nani fundisha wewe?" Nikasema nimeona tu mwenyewe. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Sasa naogopa anafikiri anayejua kuponya ndiye aliyekuwa akiharibu. Acha tunyamaze, Baba. Itapita.

Bintiyo,
Mugure


Kariandusi
14 Mei 1974

Mpendwa Mugure,

Natumaini hujambo. Barua yako ilinichoma. Jina letu haliwezi kukaa katika daftari la mtu kwa uongo, nami si mtu wa kunyamaza.

Kwa sababu hiyo, leo nimemwandikia Bwana Umesh, kurasa tatu, kwa rejista. Nimeanza hivi: "Mimi, niliyetia sahihi hapa chini, kwa unyenyekevu naomba kuwasilisha mbele yako uthibitisho usiopingika wa uaminifu wa binti yangu." Nimeeleza jaribio lote. Na ili asiwe na shaka, nimeambatanisha kadi zenyewe tatu, kila moja na alama yake. Sikuzichoma, kwa kuwa fundi hachomi ushahidi.

Sasa utaheshimiwa.

Baba yako


Nakuru
3 Juni 1974

Baba,

Natumaini goti la Mama limepoa.

Kadi tatu zilikuwa mezani kwake nilipoitwa. Aliuliza swali moja tu: "Hii ilipita mlango namna gani?" Nilimwambia. Sikutaka kudanganya mbele ya barua yako.

Nimeachishwa kazi tangu Ijumaa. Ninalala kwa Chepngeno, Kaptembwo. Tafadhali usimwandikie mtu yeyote tena.

Mugure, bintiyo


Kariandusi
15 Juni 1974

Mugure wangu,

Nakusalimu. Sikuandika, kama ulivyoagiza. Nilikwenda mwenyewe.

Nilikaa kwenye benchi la ofisi ya Bwana Umesh Alhamisi nzima na jana Ijumaa hadi saa tisa. Alipotoka nilimwambia, "Ni mimi niliyeziagiza. Mtoto alitii."

Akasema, "Mzee, mimi najua. Ile wiki mashine ilipona, mimi nilikuwa nataka kufanya yeye mkubwa ya wasichana. Ndiyo maana niliandika jina yake. Lakini kadi ilitoka. Sasa mimi nafanya nini?"

Nakuandikia hili ili usilisikie kwa mwingine.

Nilikuwa nimepanga kumwomba akurudishe, hata kama ni kufagia. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Ndipo akaniuliza, "Mzee, kiangazi je? Kadi ikikauka sana?" Nikamwambia zitavutana, zitaingia mbili mbili. Akanichukua hadi kwenye kioo cha chumba cha mashine nimwonyeshe. Msichana mwingine alikuwa amekaa kwenye kiti chako. Kadi zilipita moja baada ya nyingine, bila kukwama. Tuliongea saa nzima, Mugure, yeye akiuliza, mimi nikijibu. Akanishika mkono, akafunga ofisi.

Nilifika stendi ya basi ndipo nikakumbuka kwamba sikuwa nimeomba.

Baba