Mkono Ulioandikwa Jina Langu

Umbilo, Durban,
Jumamosi, 8 Novemba 2025.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Tukuyu? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia usiigawie kwaya nzima, niliinunua kwa ajili yako. Nampa salamu na Sia, mdogo wangu, ambaye najua ndiye anayekusomea barua hii kwa kuwa macho yako hayazitaki tena herufi ndogo. Sia, soma taratibu, wala usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiiruka shule ya Jumapili ukidhani hatukuoni.

Sisi huku tu wazima wa kusimama. Joto la Durban limeshaanza, nguo hazikauki kwa unyevu. Kaka Gilbert yuko kazini Mobeni, bado anaendesha lile gari la kunyanyulia mizigo ghalani. Mimi bado nashona makoti ya kazi kiwandani, na jioni narudi kwenye chumba changu kile kile katika fleti ya Gilbert, kinachotenganishwa na chumba chake kwa ukuta mmoja mwembamba. Mjukuu wako Ambokile amerudi shule, darasa la tatu, na meno mawili ya mbele yameota upya.

Mama, umeniomba niandike yote yaliyotokea mahakamani, ili yasomwe kwenye ibada ya shukrani Jumapili ya mwisho wa mwezi huu. Umesema akina mama watavaa sare, mchungaji atatoa nafasi baada ya matoleo, na watu wasikie jinsi Mungu alivyolirudisha jina la baba kutoka Amerika. Nilikwambia nitapiga simu, ukasema simu haisomwi mbele ya madhabahu. Basi barua ndiyo hii, na naanza mwanzo ili hata asiyetufahamu asipotee.

Gilbert alimwoa Mireille, Mkongo wa Bukavu, msusi wa saluni ya Umbilo Road. Wewe ulikaa miaka mitatu hutaki kumtaja jina, ukimwita yule wa vitenge, mpaka alipozaa mtoto wa kiume na kumpa jina la marehemu baba. Hapo ndipo ukamwita mkwe. Mwaka jana mwezi wa sita Mireille aliaga kwamba anakwenda wiki sita kumtazama dada yake aliyepasuliwa huko Ohio, na kwamba ataongozana na mtoto. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa zimekamilika, na Gilbert akasaini ruhusa ya mtoto. Mimi ndiye niliyewafungia mabegi. Wiki sita zilipokwisha, ukaja ujumbe mmoja kwenye simu: harudi, na mtoto harudi.

Unakumbuka siku zile. Gilbert hakula, na wewe ulipiga simu asubuhi na jioni ukisema jina la mume wako limelala ugenini. Ndipo tukaambiwa kuna mkataba kati ya Afrika Kusini na Amerika, kwamba mtoto akizuiliwa nchi nyingine hurudishwa alikokuwa akiishi, na mahakama ya huko ndiyo iamue nani amlee. Gilbert akajaza fomu, na kule Amerika akapatikana wakili wa kujitolea, mzee mmoja mwenye sauti ya upole.

Wakili alitueleza kwamba jaji hatapima nani mzazi mwema. Atapima tu mtoto alikuwa anaishi wapi. Mama wa mtoto alikuwa na tundu moja la kutokea, nalo ni kuthibitisha, kwa ushahidi usio na shaka, kwamba mtoto akirudishwa atakuwa katika hatari kubwa. Alitusomea hukumu za karibuni za mahakama za kwao. Katika jimbo moja mama alibaki na mtoto kwa sababu jirani alieleza aliyokuwa akiyasikia ukutani. Katika jimbo jingine mama alishindwa kwa sababu alikuwa na mdomo wake tu. Alisema kesi za namna hii mara nyingi huamuliwa na mtu wa tatu. Mtu wa tatu nikawa mimi.

Nilitoa ushahidi kwa video, katika ofisi ya mwanasheria mmoja kule Berea. Huku ilikuwa saa kumi jioni, kwao ndiyo kwanza asubuhi. Jaji alikuwa mama mwenye miwani, na mkalimani alikuwa Mkenya aliyenitamkia kiapo polepole kama anayemfundisha mtoto kusali. Gilbert aliachwa nje kwenye kiti cha wageni. Kwenye kidirisha kimoja cha kioo cha kompyuta alionekana Mireille, amekonda, amevaa koti la kuazima.

Mireille alikuwa ameieleza mahakama kwamba Gilbert alikuwa akimpiga, na kwamba Jumamosi moja mchana, mwaka ule wa korona, alimvunja mkono wa kushoto, nami ndiye niliyempeleka hospitali. Wanasheria wakalitafuta faili la hospitali na wakalipata. Tarehe ilikuwa ile ile, na mkono ni wa kushoto, umevunjika mahali pawili. Sababu iliyoandikwa ni kuteleza bafuni, na jina la mgonjwa ni Lulu Mwakyoma. Yaani mimi.

Wakaniuliza mkono ule ni wa nani. Nikasema ni wangu, niliteleza bafuni, na wakati wa baridi bado unauma. Wakaniuliza kama niliwahi kusikia Gilbert akimpiga mke wake. Nikasema naishi nyuma ya ukuta ule mwaka wa tisa, ninachosikia ni redio.

Hukumu ilikuja na kurasa kumi na tisa. Jaji aliandika kwamba karatasi pekee ya hospitali ina jina la mwanamke mwingine, na mwanamke huyo ameapa kwamba jeraha ni lake. Aliniita shahidi mtulivu, asiyeonekana kuwa na sababu ya kudanganya. Akaamuru mtoto arudishwe ndani ya wiki tatu. Mtoto akaja na ndege, ana kadi shingoni, anaongozwa na mhudumu. Gilbert akambeba juu juu pale uwanjani na watu wakapiga makofi.

Mama, hapa ndipo ulipotaka niishie. Kama kuna vigelegele, vipigwe sasa, maana mbele havina mahali.

Mkono haukuwa wangu. Siku ile nilikuwa chumbani kwangu nikipiga pasi, nikasikia maji ya bafuni yanafunguliwa kwa nguvu. Mireille alikuwa na desturi hiyo: sauti ya Gilbert ikipanda, hufungua maji ili majirani wasisikie yatakayofuata. Nikasikia mtu anaanguka, kisha Gilbert akatoka akabamiza mlango. Nilimkuta wifi yangu chini, ameushika mkono uliokuwa umepinda, na Ambokile amekaa ukingoni mwa bafu, miguu ndani ya maji, na viatu vyake. Alikuwa na miaka minne.

Karatasi ya Mireille ilikuwa imekwisha muda, na ofisi za kuongeza muda zilifungwa kwa korona. Hapa mgeni akifika hospitali na karatasi iliyokufa, anaweza kurudishwa mlangoni na maumivu yake. Kwa hiyo tulifanya wanavyofanya wengi, nikampa kibali changu cha kuishi hapa. Picha zenyewe zina sura ya mtu yeyote, na mdomoni alikuwa na barakoa. Tukiwa kwenye teksi nilimfundisha mtoto. Nilimwambia kwamba kwenye foleni mama yake ni Shangazi Lulu, na mimi ndimi mama, na akikosea mama hatatibiwa. Hakukosea hata mara moja. Alimwita mama yake shangazi kwa saa tano, hata pale alipomwona anazimia.

Kule Amerika jaji alimwita Ambokile chumbani kwake amsikilize. Mtoto alimweleza ukweli wote jinsi anavyoujua, kwamba siku ile mama alikuwa shangazi na shangazi alikuwa mama. Jaji aliandika kwenye hukumu kwamba mtoto anachanganya watu, na yaelekea amefundishwa. Ni kweli alifundishwa, na mwalimu nilikuwa mimi.

Bado sijamaliza. Daktari wa kule aliupiga picha mkono wa Mireille, akasema una kovu la zamani la mfupa, lakini hawezi kujua ulivunjika lini. Wakanigeukia. Nikasema alikuja nao kutoka Kongo, ulivunjika siku familia yao ilipovuka mto wakikimbia vita. Nilitaja mto, nikataja na mjomba wao aliyebaki upande wa pili, maana hayo yote Mireille alinisimulia mwenyewe, akisuka nywele zangu. Nilichukua msiba wake wa kweli nikauongezea mkono. Hapo ndipo alipopaza sauti, kabla hajazuiwa, akiniita yaya, yaani dada, kama wasemavyo kwao: "Yaya Lulu, ule mukono njo huu! Ni weye ulinipeleka! Sema tu, yaya!" Akauinua mbele ya kamera, na kiwiko hakikunyooka. Jaji akasema maneno hayo yasiandikwe, kwa kuwa haikuwa zamu yake. Mimi nikasugua mkono wangu mzima, wa kushoto, ili jaji aone.

Utaniuliza kwa nini. Baadaye Mireille alinitumia ujumbe kwamba amenisamehe, anajua niliogopa kunyang'anywa kibali kwa kosa la kukiazimisha. Sikumjibu. Ukweli ni kwamba sikuogopa. Nilikuwa na hasira. Miaka yote ile tulikula sahani moja, nilimfungia mabegi kwa mikono yangu, na alinikumbatia mlangoni akaniambia wiki sita. Hakuniamini hata kwa neno moja, na akaniondolea mtoto ambaye kila jioni alikuwa akinisubiri dirishani. Nilimtaka mtoto arudi, nikataka na mama yake aumie. Nilivipata vyote viwili kwa kiapo kimoja. Na wewe Mama ulikuwa ukinipigia kila siku kuniambia nizungumze vizuri kwa ajili ya kaka yangu. Hukuniuliza hata mara moja kama ni kweli alipiga. Nadhani hukutaka nikujibu.

Sasa sikia mtoto alivyorudi. Mwezi wake wa kwanza hapa Gilbert alimnunulia baiskeli. Mwezi uliofuata akamkataza kuzungumza na mama yake kwenye simu. Jumapili iliyopita tumetoka kanisani, Ambokile akaomba simu, akanyimwa, akaomba tena, na Gilbert akafungua mkanda. Nilikuwa chumbani. Nilimsikia mtoto anakimbilia bafuni, na kabla ya pigo la kwanza nikasikia maji yanafunguliwa. Hakuna aliyemfundisha hilo. Na mimi, Mama, nilikaa kitandani mpaka maji yakafungwa.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikaenda kituo cha polisi, wanapogonga mihuri ya viapo, nikaandika yote haya nikasaini, nikampelekea mwanasheria anayemwakilisha Mireille hapa Durban. Mwezi ujao mahakama ya huku ndiyo itaamua nani amlee mtoto. Mwanasheria huyo alinishukuru kwa ubaridi. Akasema naweza kushtakiwa, kibali changu kinaweza kufutwa, na hata hivyo jaji anaweza kuniuliza aamini kiapo kipi, hiki cha pili au kile cha kwanza nilichosifiwa kwa utulivu. Akasema laiti ningesema siku ile, mtoto asingepanda ndege. Nikamwambia najua.

Basi Mama, ushuhuda uliouomba ndio huo. Sitaandika mwingine mzuri zaidi. Kama ibada bado ipo na sare zimeshashonwa, Sia asome kuanzia juu mpaka chini mbele ya akina mama wote, asiruke. Na kama mtaamua kuichoma, mjue nakala iko kwa mwanasheria.

Nisalimie mchungaji, na mama Atuganile, na wote wanaoniulizia. Gilbert anakusalimu, hajui kama naandika. Ambokile yuko hapa pembeni yangu, amelalia tumbo kwa sababu mgongo bado hautaki godoro, naye anakusalimu sana, Bibi. Nimemwambia aniambie neno la kukuandikia. Amefikiri kidogo, kisha ameniuliza, bila kulia, siku mkono wake ukivunjika tutaandika jina la nani, na kwenye foleni aniite nani.

Kama unalo jibu, nitumie.

Ni mimi mwanao, mwenye mikono miwili mizima,

Lulu Mwakyoma