Glasi Iliyopasuka Mkononi mwa Mkwe

Kibabii, Bungoma
14 Julai 1955

Kwako Mshauri wa gazeti,

Baada ya salamu, mimi ni mzima isipokuwa moyo, na nakuomba unijibu upesi kabla hatujamfukuza mtu katika boma hili. Shule yangu ni ile ya ubatizo tu, kusoma na kuandika, kwa hivyo usicheke mwandiko, lakini mtoto niliyemzaa, Wekoye, huyo ni kitu kingine kabisa, ndiye mkubwa wa baa katika hoteli moja ya Wazungu kule Kitale, anavaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, na hata mwenye hoteli akitaka kujua kama bia imeshapoa anamwuliza yeye, sasa nitajie hapa Bungoma mama mwingine mwenye mtoto wa namna hiyo.

Basi mwezi wa tano Mzungu mmoja alikuwa anauza vitu vya nyumba arudi kwao, na Wekoye akaninunulia glasi sita za bia, zile nene zenye mkono. Hakuokota tu, alichagua, akazigonga kwa ukucha moja moja, akaziinua kwenye jua kutafuta ufa, akapitisha kidole mdomoni mwa glasi, na iliyokwaruza aliiacha hapo hapo. Akaniambia, "Mayi, kwetu Kitale bia haimiminwi katika glasi yenye joto, glasi inapozwa kwanza." Akanitengenezea sanduku la waya, kuta zake mbili mbili na katikati kumejaa makaa, unayamwagia maji asubuhi na jioni, upepo ukipita ndani kunakuwa baridi kama mto wa mlimani. Nililiweka upande wa barabara, si kwa kuringa, ni kwa sababu ya upepo.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Jumamosi ya wiki mbili zilizopita walikuja wakwe, watu wa Agneta, msichana ambaye Wekoye anataka kuoa. Baba yake ni Mzee Khaemba, analima mahindi karibu na Kitale, na alikuja na dada yake, yaani senge wa msichana, mama mmoja mwenye macho ya kuhesabu vijiko. Mimi nikasema wakwe wangu hawatainamia chungu na mirija kama watu wa kila siku, watakunywa busaa, pombe yetu ya nafaka, katika glasi za Kitale, tena baridi. Mke mwenzangu Nakhungu, ambaye mzee wetu Wabwile alimwoa baada yangu, ndiye aliyepangusa glasi asubuhi na kuzipanga ndani ya sanduku, mimi nilikuwa na kazi ya kuku. Akaniambia, "Mama Wekoye, hizi glasi zako zitatuletea maneno." Nikamjibu, "Wewe pangusa, wivu weka chini."

Wageni walipokaa, Nakhungu alileta maji ya moto akaongeza kwenye chungu kama desturi, nami nikachota nikachuja. Jirani yetu katekista Walubengo ndiye aliyeonja kwanza mbele yao, ili wajue pombe ni safi, na kwa vile meno yake hayawezi baridi nilimpa glasi iliyokuwa juu ya meza. Akanywa nusu, akapangusa ndevu, akasema tamu. Ndipo nikatoa glasi ya Mzee Khaemba katika sanduku, inatoka jasho, nikampa mkononi, nikamimina. Mshauri, glasi ilisema ta! Kitako kikaanguka, mkono akabaki nao yeye, na busaa yote ikaenda kwenye suruali yake ya khaki.

Senge alitazama glasi ya katekista, akatazama vile vipande, akasema polepole, "Chungu ni safi. Basi kitu kiko kwenye glasi. Kaka, simama."

Wekoye akamfuata mzee mpaka mlangoni, "Baba, ngojeni, si kuku iko tayari!"

"Mle nyinyi," Mzee Khaemba akasema.

Waliondoka hata firigisi hawakuonja, na wewe unajua mkwe akiacha kuku amesema nini. Baadaye wakatuma neno kwamba Agneta haolewi katika boma ambalo glasi inakataa pombe, mpaka tuseme ni nani aliyetia kitu, na tukifika sikukuu ya Mama Maria mwezi wa nane bila jibu, yuko kijana mwingine anangoja.

Wekoye hali chakula. Mimi najua ni Nakhungu. Nani alipangusa? Nani alijua maneno yatakuja kabla hayajakuja? Tena tangu siku ile ananiletea uji ati pole, sasa mtu asiye na hatia anapika uji wa nini? Uji huo mimi nawapa kuku. Kuku hawajafa, lakini labda ni dawa ya polepole. Wabwile amekubali kumrudisha kwao kabla ya sikukuu. Ninachotaka kwako ni kimoja, nimshike vipi huyu mwanamke akiri?

Ni mimi,
Mama Wekoye


MSHAURI ANAJIBU

Mama Wekoye,

Pole kwa aibu mbele ya wakwe, aibu hiyo inauma. Sasa keti chini, maana aliyepasua glasi ni wewe.

Ushahidi umeuandika mwenyewe. Glasi ya katekista ilipanguswa na nani? Hukusema, kwa sababu haikupasuka. Ilitoka mezani, ikatiwa busaa ya moto, ikavumilia. Ya mkwe ilitoka kwenye baridi ikatiwa busaa ile ile. Glasi nene ikipoa vile, ndani ikashtuliwa na moto na nje bado ni baridi, inapasuka. Hujaona kioo cha taa kikirukiwa na tone la maji? Na hiyo taa pia Nakhungu aliiroga?

Mwanao hakukosea. Yeye alisema bia, bia ya chupa, isiyoona moto. Wewe ukachukua ufundi wa bia ukauvalisha busaa, kwa kuwa ulitaka wageni waone. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini mimi nimekuambia, basi tuendelee.

Huyo mwenzako alikuambia hofu yake waziwazi. Mchawi haonyi, mama. Na uji anakupikia kwa sababu anaona umeumia. Mke anayerudishwa kwao kwa neno la sumu hapokewi na mtu tena, si kwao, si kwingine. Hilo ndilo ulilokuwa unataka nikusaidie kulifanya, na mimi sitaki.

Leo hii, kabla ya kukunja gazeti, nenda nyumbani kwa Nakhungu. Omba uji, unywe mbele yake, umalize. Kisha mwite Wabwile umwambie kosa ni lako, yeye akisikia na Nakhungu akisikia.

Halafu nendeni wote kwa Mzee Khaemba, usitume barua wala mjumbe. Bebeni glasi tatu, maana nyingine hukataa kupasuka, ngumu kama mwenyewe. Mwacheni senge achague, azilaze katika mto wao mpaka zipoe sawasawa, aziweke ndani ya beseni, na maji ya moto amwage kwa mkono wake mwenyewe. Ninyi msiguse kitu, simameni mbali. Utapoteza glasi, na ni haki yako kuzipoteza.

Zitakazobaki, weka katika baridi kwa bia ya chupa, au kwa maziwa ya mgando, yanapendeza sana humo wakati wa jua. Iliyo na ufa usimtilie mtu kinywaji, pimia unga. Na busaa irudishe kwenye chungu na mirija, wakwe wainame pamoja nanyi, hakuna mkwe aliyevunjika mgongo kwa kuinama.

Mkifika, Nakhungu akae karibu nawe, si nyuma. Watu wakinyamaza, usimngoje mume wala mtoto. Anza wewe, kwa sauti, senge asikie: "Nakhungu hana kosa." Habari ya Agneta ije baada ya hapo.