Wageni wa Rumonge

Jumatatu, 11 Juni 1962

Chai tena. Wiki ya pili ya staji, haya mafunzo ya kazi, hapa Usumbura, na siasa niliyojifunza ni kwamba Bwana Direkta anakunywa bila sukari. Tai inaninyonga. Ofisi yetu inatayarisha sherehe za uhuru, kila mtu anakimbia, mimi nimesimama na sinia. Direkta haniiti Sudi. Ananiita "Muswahili wangu". Wenzangu wanacheka, maana huku ukimwita mtu Muswahili ni kama umemwita mjanja-mjanja. Nacheka nao. Nachukia kucheka nao.

Jumatano, 13 Juni

Kazi! Kazi ya kweli! Matangazo yameandikwa kwa Kifaransa, na watu wa mwambao wa ziwa wanataka Kiswahili. Nani anakijua? Mimi, mutoto wa Rumonge. Nimetafsiri yote kabla ya adhuhuri: bendera, gwaride, usafi wa njia. Mstari wa mwisho, "les étrangers" wote wafike komini, ofisi ya serikali ya mji wao, wajitambulishe kabla ya sherehe. Nikaandika "wageni". Rahisi. Gari la Nyanza-Lac limeondoka nayo jioni. Shangazi, ninayekaa kwake Buyenzi, amenikaangia mukeke, samaki wa ziwani, mzima. Kichwa kimevimba, nakiri.

Ijumaa, 15 Juni

Baada ya swala wazee wa Buyenzi walikuwa wanabishana. Mgeni ni nani? Aliyefika jana, au hata sisi? Babu yangu alitoka Ujiji. Baba kazaliwa Rumonge, kaoa Rumonge, kapanda michikichi Rumonge. Nikarudi ofisini nikamuuliza Direkta. Akajibu kwa upole, macho hakuinua: mgeni ni yule ambaye babu yake si wa hapa.

Mungu wangu. Kumbe nimemwita baba yangu mwenyewe komini, akajitaje mgeni. Akishajitaja, nani atamwachia shamba?

Jumamosi, 16 Juni

Nimetuma neno kwa dereva wa lori la samaki: Baba asiende komini. Nilimkaririsha. Akasema ndiyo, ndiyo. Alikuwa anatafuna muwa. Simwamini.

Jumatano, 20 Juni

Dereva amerudi. Ujumbe alisahau, mjinga yule. Baba ameshakwenda komini, na wazee wote wa mtaa nyuma yake, kanzu zimepigwa pasi. Nilikaa palepale juu ya magunia ya lori lake. Dereva kuona uso wangu akaanza kucheka, nikataka kumpiga.

Ndipo akanisimulia. Kumbe waliposomewa tangazo walisikia Kiswahili chao. Mgeni ni mtu wa kukirimiwa. Wakaulizana, mwaka huu tuna wageni gani? Wakazunguka mji wakawakusanya: Mgiriki wa duka la vitambaa, Mbelgiji wa pamba, na sekretari wa komini mwenyewe, aliyehamia kutoka Ngozi mwezi wa nne. Baba akasema mbele ya watu wote: "Huyu naye iko mugeni wetu, miiba ya mukeke bado inamushinda. Muandikeni, tutamupikia." Kisha wakauliza pilau ya sherehe ipikwe uani kwa nani, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyejitaja. Haikuwapitia akilini.

Nilicheka mpaka machozi. Halafu yakabaki machozi tu.

Ijumaa, 22 Juni

Sekretari wa komini amepiga simu: hakuna Muswahili hata mmoja aliyejiandikisha. Direkta amewaka moto. Anataka tangazo jipya, neno lisilo na mchezo, na Waswahili watajwe waziwazi. Nikakaa na kalamu. Maneno yapo. Ukitaka kumuumiza mtu, Kiswahili hakikosi neno. Nikamwambia hakuna. Mgeni ni mgeni, Bwana Direkta. Akaniangalia sana. Akasema kwa Kirundi kwamba anajua ninadanganya, na kwamba wanaoitafuta nafasi yangu ni wengi. Nikajibu, "Murakoze." Sijui kwa nini nilishukuru. Niliogopa. Naogopa hadi sasa.

Alhamisi, 28 Juni

Staji imekwisha. Mlinzi ndiye aliyeniambia, mlangoni, naye aliona haya kuliko mimi. Mpishi wa ofisi anasema gari la mwisho limekwenda mwambao bila ule mstari. Muda umewabana, wameufuta. Labda wataurudisha mwakani, nani ajuaye. Shangazi amelia, ameniita mpumbavu, kisha amenifungia maandazi ya njiani.

Najuta? Ndiyo. Nilitaka sana kuwa mtu mkubwa. Nilishaona hata kofia nitakayovaa.

Jumapili, 1 Julai

Rumonge. Nimefika alfajiri, nimechafuka vumbi. Bendera mpya imepanda, ngoma zimelia, watoto wamepiga kelele mpaka sauti zikakauka. Baba alikuwa jikoni na wenyeji wenzake, anagawa pilau, anagomba kwamba sufuria ni ndogo. Sekretari aliletewa sahani ya kwanza, na Baba akamtolea miiba ya samaki kwa mkono wake. Hakuna aliyemuuliza Baba habari za babu yake. Bendera sikuitazama sana. Nilimtazama yeye.

Jumatatu, 2 Julai

Kimya. Mji mzima umelala na shibe.

Baba hajauliza staji imeishaje. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi leo ni ya pili. Nimefungua mlango nikakuta jembe limeegemezwa ukutani, mpini wake mpya, na yeye ameshatangulia kwenye michikichi.

Nimelichukua, nimemfuata.