Baba Yetu Misumari Hakuwa Mtoro

Mwaka umetimia leo, baba, tangu jiwe lako liandikwe jina lako sawasawa, huko ng'ambo kwenye makaburi ya wanajeshi, ulikolazwa bila hata mmoja wetu kukutupia udongo.

Mimi ni binti yako, yule uliyemwacha tumboni mwa mama. Sikuwahi kukuona, lakini nakujua. Ulikuwa seremala, na watu walikuita Misumari kwa sababu ulizungumza huku umebana misumari mdomoni, kisha ukacheka kabla hujamaliza kusimulia, ikamwagika yote sakafuni. Ulimtengenezea mama kitanda, meza na stuli tatu. Stuli moja inacheza mpaka leo, na hatumruhusu fundi yeyote kuigusa.

Ukachukuliwa vitani. Baada ya miaka miwili ikaja karatasi: umetoroka jeshini. Neno hilo liliingia nyumbani kwetu likakaa. Sokoni mama aliitwa mke wa mtoro. Shuleni niliitwa mtoto wa mtoro, nikapigana, nikarudi na jino mkononi. Mama alinifuta damu akasema, "Mume wangu hajui kukimbia. Hata mvua ilikuwa inamkuta njiani anatembea."

Shemeji zake walimshauri aolewe tena, aachane na aibu. "Aibu ya nani?" akawauliza. Alikufa akiwa bado mkeo.

Mjukuu wako, yule nesi, ndiye aliyekupata. Kwenye orodha ya makaburi jina lako lilikuwa limekosewa herufi tatu, lakini namba ya askari ilikuwa ileile iliyo kwenye barua yako ya mwisho. Walikuzika kwa jina lisilo lako. Siku mbili baadaye wakaita jina lako halisi, hukuitika, wakaandika umetoroka. Maiti anatorokaje?

Tuliandika barua tisa kwa ofisi ya jeshi. Ofisa mmoja akaniambia kwa upole, "Bibi, haya mambo ni ya zamani sana."

"Mimi pia ni wa zamani, mwanangu, na bado nipo. Nitakuja tena Jumatatu."

Nilikwenda Jumatatu kumi na nne. Mwishowe walikuwa wananiwekea kiti kabla sijafika.

Neno lile wakalifuta. Wakaandika ulivyokufa: ulirudi mara tatu kuwatoa majeruhi, ya tatu hukutoka. Walipopendekeza jiwe jipya liwe na maneno "Pumzika kwa amani", nilikataa. Limeandikwa "Hakukimbia."

Nilisimama mbele yake na fimbo yangu. Wewe una miaka ishirini na sita, mimi themanini na moja. Nikakuita "Baba!" kwa sauti, mara ya kwanza maishani mwangu. Wageni wengine wakageuka. Waache wageuke.

Walituomba radhi kwa barua ya mistari minne. Mama alisubiri miaka hamsini. Barua tumeitunza, ila hatujasema yameisha.

Tunaokukumbuka ni mimi, binti yako wa pekee. Wajukuu wako, nesi na kaka yake dereva wa lori. Na vitukuu wako watano, ambao mdogo wao tumempa jina lako, herufi zote.

Tutalitaja maadamu tuko hai, baba, na hatutashusha sauti.